Bwana Pipa na Mafuta Yasiyooza

Wazee wetu, wafiwa wenzangu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi kwenye jua hili, shikamooni wakubwa, na wadogo poleni. Mimi ni dada yake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na kazi hii ya kusoma ilikuwa ya kaka yetu mkubwa, lakini sauti yake imekatika tangu Jumamosi na miguu yake haiaminiki tena, kwa hiyo nimesimama mimi, ingawa mimi nami sina nguvu kumzidi, maana tumekesha siku tatu na kabla ya siku hizo tatu tuliuguza miezi kumi na tisa, basi nikinyamaza katikati ya sentensi msinikimbilie na maji, nitakuwa navuta pumzi tu.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi mwaka 1957, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya stesheni ya treni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu baba yetu, fundi mwashi, na marehemu mama yetu, aliyekuwa akiuza mboga kwenye meza ya mbao mbele ya mlango wetu. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, watoto wote watano tulilala kimoja, na katika msongamano ule yeye peke yake ndiye aliyejua kila kitu kilipo, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakuweza kuvumilia kitu kisicho na mahali pake. Misumari ya baba aliitenga kwa urefu katika makopo sita ya maziwa, akabandika karatasi kila kopo, na siku moja baba alipochukua misumari kadhaa bila kuaga, mtoto wa miaka minane akamfuata hadi mlangoni akamwambia, "Baba, ukichukua bila kusema, kesho ikipungua utamlaumu nani?" Baba alicheka hadi akaketi chini, lakini kuanzia siku ile alikuwa anasema.

Alianza masomo ya msingi Januari 1965 katika shule iliyokuwa jirani na soko, akamaliza Novemba 1971, akaendelea na sekondari ng'ambo ya reli kuanzia 1972 hadi 1975, na katika mtihani wa mwisho alikuwa wa pili darasani, nasi sote tulijua kwamba ataendelea. Lakini tarehe 20 Novemba 1975 baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, nyonga ikavunjika, hakupanda tena jukwaa lolote, na kaka yetu hakulia wala hakunung'unika, alikunja sare yake ya shule, akampa mdogo wake wa kiume, akaenda kuomba kazi katika duka la vifaa vya ujenzi. Jioni alisomea utunzaji wa stoo katika chumba kimoja juu ya ofisi ya posta, akapata cheti tarehe 9 Desemba 1978, na tarehe 2 Mei 1979 akaajiriwa na shirika la umeme, cheo chake karani wa stoo.

Nataka muione ile yadi kama nilivyoiona mimi, kwa sababu maisha yake mengi yamekwenda pale. Ilikuwa nyuma ya ofisi kuu, ukuta mrefu, lango la chuma, magurudumu makubwa ya waya upande mmoja, nguzo zilizolala upande wa pili, vikombe vya kaure vya kwenye nguzo vimepangwa kama vyombo vya harusi, na kule mwisho, chini ya ukuta, transfoma zilizokufa. Transfoma, kwa wasioijua, ni lile sanduku la chuma linalonguruma juu ya nguzo, na ndani yake kuna mafuta ya kulipoza lisiungue. Zile zilizokufa zilikuwa zinavuja, na ardhi chini yake ilikuwa nyeusi, inang'aa, haioti hata jani, na siku ya kwanza alipouliza mbona hapaoti kitu, wakubwa zake walimjibu kwamba afadhali, hatutafyeka.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 22 Agosti 1981, na wifi yangu aliyeketi hapa mbele, mshonaji wa sare za shule, wakapanga chumba na sebule nyuma ya karakana ya baiskeli, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza wa kike mwaka 1982, wa pili wa kiume mwaka 1985, na wa mwisho wa kike mwaka 1990. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, kaka yetu alitoka wodini akatuambia kwa sura ya kazini, "Amepokelewa, hali nzuri, hana kasoro," na hadi leo binti huyo, ambaye sasa ni mwalimu, watoto wa shangazi zake wanamwita Hana Kasoro.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi niliyoandikiwa na wazee inasema tu kwamba alifanya kazi kwa uaminifu hadi alipostaafu, na mahali hapa naiweka karatasi pembeni, kwa idhini yao, kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia, siku ya kunisomea usiniremberembe, sema.

Kila mwisho wa mwaka shirika liliwagawia wafanyakazi mafuta yaliyotolewa kwenye transfoma chakavu, kila mtu galoni yake, haukuwa wizi, ilikuwa zawadi, na yaliyobaki yaliuzwa kwa mapipa kwa yeyote aliyekuja na gari. Wengine waliwashia taa, wengine walijipaka magoti yanayouma, na mama yetu alikuwa mmojawapo, na mwaka 1984 kaka yetu, kwa kunipenda, akaniletea mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kukaanga viazi na samaki kwenye kona ya gereji, nina karai moja na benchi moja. Mafuta yale yalikuwa maangavu kama asali mpya, hayatoi moshi, hayapungui upesi, unakaanga asubuhi hadi jioni na kesho yake yako vilevile, na wateja wakanipa jina, wakisema wa kona ya gereji ana mkono mwepesi. Nilitumia mafuta yale miaka saba, yakiisha ya zawadi nilinunua kwa wenye magari, sikujua, naye hakujua, wala aliyetugawia hakujua.

Septemba 1991 shirika lilimpeleka mafunzoni wiki mbili, mji mwingine, na huko mkufunzi mmoja mwanamke akawaeleza kwamba katika baadhi ya transfoma za zamani mafuta yana sumu isiyooza, haiishi kwa moto wa jikoni, ikimwagika inakaa ardhini miaka na miaka, inaingia kwenye maji, kwenye samaki, kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha, na kwa macho huwezi kuyajua yaliyo safi na yaliyo machafu hadi uyapime. Wenzake waliandika kwenye madaftari, yeye, wanavyosimulia, kalamu ilimponyoka.

Ijumaa ya tarehe 27 Septemba, saa saba mchana, kona imejaa, watu wameshika sahani, nilimwona anakuja na sanduku lake la safari begani, hajafika hata nyumbani kwa mkewe. Hakunisalimu, aliweka sanduku chini, akazima moto, akayamimina mafuta yote ya karai kwenye ndoo, taratibu, bila kudondosha hata tone, akafunika, kisha akawaambia wateja wangu, "Jamani, wekeni sahani chini, msile." Nikamwambia, "Kaka, unanivua nguo mbele za watu." Akanijibu, "Bora nikuvue nguo kuliko nikuvishe sanda." Akaondoka na ndoo yangu, na karai langu, na kufikia Jumatatu hakuna aliyekuja kona ya gereji, maana habari mbaya haihitaji nauli, nami nikafunga benchi, nikawa nafulia watu nguo, na kaka yangu sikumsemesha karibu miaka minne. Tulikutana kwenye misiba na harusi, tukaketi safu tofauti.

Kazini alianza kusema, na kusema kwake hakukumletea rafiki. Alimwomba meneja wa wakati ule, ambaye naye ametangulia, Mungu amrehemu, kwamba mafuta yasigawiwe tena wala kuuzwa hadi yapimwe, na meneja akamwambia mafuta haya yameuzwa kabla hujazaliwa na watu bado wanazaana. Februari 1992 gari la mnunuzi likaja kuchukua mapipa ishirini, hati ya kutolea mali ikaletwa mezani kwake, akakataa, hadi meneja akashuka mwenyewe kutoka ghorofani akasema mbele ya wote, "Mtunza stoo, tia saini." Akasema, "Bosi, kalamu ninayo, mkono ndio hautaki." Meneja akamuuliza, "Na huo mkono unalishwa na nani?" Akajibu, "Na shirika, bosi, ndiyo maana unalionea huruma." Gari lile liliondoka tupu, na wenzake waliokuwa wanangoja galoni zao za mwisho wa mwaka wakaacha kumpisha kwenye foleni ya chai.

Januari 1993 akahamishwa, barua ikasema ni kwa manufaa ya kazi, akapelekwa stoo ndogo mwendo wa siku nzima kutoka hapa, mabati manne na mlinzi mmoja, wifi yangu akabaki na watoto na cherehani. Huko ndiko alikopata jina la Bwana Pipa. Alikuta mapipa kumi na moja, akayapaka namba kwa rangi nyeupe, na juu ya kila moja akaandika SUMU, lakini wezi, kama mjuavyo, neno sumu waliliona kama tangazo la biashara, wakafikiri kuna kitu kizuri kimefichwa, na pipa la tatu likapungua. Basi Bwana Pipa akanunua rangi nyeusi ya viatu, akatia kidogo kidogo kila pipa, mafuta yakawa meusi na yananuka vibaya, hakuna mkaanga samaki anayeweza kuyagusa, na wanunuzi wa magendo wakatangaziana kwamba mafuta ya yule bwana yana mkosi. Hakupoteza hata kikombe tena.

Julai 1995 mama aliugua, akaniagiza nimpelekee kaka taarifa na shuka mbili, nami sikuweza kumkatalia mama mgonjwa, nikapanda basi alfajiri nikafika alasiri. Nilimkuta amechuchumaa, brashi mkononi, anarudishia namba iliyofutika, amekonda, mashati yake mapana kama ya kuazima. Aliinua macho akaniona, na baada ya miaka minne ya kununiana neno lake la kwanza lilikuwa, "Umekula?" Nikacheka, kisha nikalia, akaniletea kigoda, akanipa mkate na chai ya rangi, na tulipomaliza kuzungumzia ugonjwa wa mama akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Dada, kule kona ulikuwa unauza sahani ngapi kwa siku?" Nikamwambia sitini, siku za sikukuu sabini. Akaifuta brashi kwenye ukingo wa kopo la rangi. Kisha akasema, "Siku ile sikuwa na hasira na wewe. Mimi ndiye niliyekuletea. Nilikuwa natafuta wa kumpigia kelele, nikakukuta wewe uko karibu."

Ndugu zangu, wapo hapa waliokula kwangu kati ya mwaka 1984 na 1991, nawaona, wengine mmekuja na watoto wenu, na wakati ule mlikuja na mimba zao. Daktari hawezi kuniambia kama nimemdhuru mtu au sijamdhuru, nimeuliza zaidi ya mara moja, na mafuta mengine huenda yalikuwa safi, hakuna aliyeyapima. Lakini mlikula kwa kuniamini, nami hadi leo sikuwahi kusimama nikasema, wengi mlijua nimefunga kwa sababu ya ugomvi wa ndugu tu. Haukuwa ugomvi tu. Naomba radhi. Kaka alitaka niseme leo, akasema msibani watu hawagombani.

Mwaka 1997 alikuja meneja mpya, mhandisi, mwanamke mfupi wa maneno machache, akakagua stoo zote za shirika, akakuta kwamba mahali pekee ambapo mafuta yaliyoandikwa na mafuta yaliyopo yanalingana ni kwenye mabati manne ya Bwana Pipa, akamrudisha, na tarehe 1 Aprili 1998 akamfanya mkuu wa stoo, wenzake wakidhani ni mzaha wa siku ya wajinga. Alimwambia aandike ukurasa mmoja tu, angefanya nini kama yadi ingekuwa yake, naye akakaa mezani kwake jioni nne kuandika ukurasa mmoja.

Kutokana na ukurasa ule, ile yadi ikabadilika, polepole, kwa uchovu, kitu kimoja kwa mwaka. Walijenga banda la sakafu ya zege yenye ukingo pande zote, ili pipa likivuja mafuta yabaki ndani kama maji kwenye beseni, na kila transfoma iliyoshushwa kutoka kwenye nguzo ikawa inapimwa kabla haijafunguliwa, tone moja kwenye kichupa, yaliyo safi yakachujwa na mashine na kurudishwa kazini badala ya kununua mapya, yaliyo machafu yakaingia pipani na namba. Walikuwa wakichoma waya chakavu shimoni ili wapate shaba, moshi mweusi unaingia madarasa ya shule ya jirani, na watoto wanasoma wamefunga vitambaa puani, hilo likakomeshwa, waya ukawa unamenywa kwa mashine kama muhogo. Nguzo za zamani, zilizokunywa dawa ya mchwa, watu walipewa wakazipikia kama kuni, nazo akazizuia, zikakatwa zikawa mihimili ya kushikilia nguzo zilizoinama. Kila alilozuia lilikuwa riziki ndogo ya mtu fulani, na hilo nalo nalisema, kwa sababu mama yetu alipofariki Mei 1999, wafanyakazi wenzake waliokuja kumzika walijaa kwenye teksi moja. Leo naona mabasi mawili. Ahsanteni, hata waliochelewa wamefika.

Yalibaki mapipa. Nchi haikuwa na tanuru la kuyateketeza, lazima yasafirishwe mbali, na kusafirisha kulihitaji vibali, na vibali vilihitaji kamati, na kamati zilihitaji kamati nyingine. Mapipa yalikuwa arobaini, yakawa mia, yakafika mia tatu na kumi na mbili, na kila Januari aliandika barua, na kila mwaka jibu lilikuwa suala lako linashughulikiwa. Waheshimiwa walikuja, wakavaa kofia za plastiki, wakapigwa picha, wakaondoka na kofia. Mwaka 2008 mapipa ya kwanza yalianza kuoza yenyewe, chuma kikaota kutu huku mafuta hayaozi, ikabidi yahamishiwe kwenye mapipa mapya kwa pampu ya mkono, na glovu walizopewa zilikuwa zinachanika kwenye vidole. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, kaka yetu alikula mbichi miaka thelathini, na hakuisifia ladha yake.

Nyumbani alikuwa na beseni lake nje, sabuni yake, kamba yake ya kuanikia, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kumkumbatia kabla hajaoga na kubadilisha nguo, na wale watoto walikuwa wanasimama mlangoni wanahesabu kwa sauti hadi atoke bafuni. Wifi yangu alizoea kusema, "Niliolewa na mume, nikaletewa ghala," lakini nguo zile za kazi hakumruhusu mtu mwingine azifue, alizifua mwenyewe, miaka yote, mikono ndani ya mifuko ya plastiki. Wifi, mimi nimesema ya kazini kwa sababu ndiyo niliyoyajua, ya kwako unayajua wewe, na familia yetu inakushukuru.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2017, akatimiza miaka sitini, akapewa saa ya ukutani na cheti. Jumanne iliyofuata alivaa viatu vyake akaenda yadini kukagua mapipa, na Jumanne ya pili, na zote zilizofuata, walinzi hawakumzuia, na mtunza stoo wa sasa, mama mmoja mpole aliye pale karibu na nguzo ya hema, alimwekea kiti. Nilimwuliza kama hajachoka. Akaniambia, "Nimechoka tangu mwaka themanini na mbili, lakini uchovu hauchukui nafasi ya mtu kazini."

Julai 2022 alianza kupungua uzito na macho yakawa manjano, akapelekwa hospitali ya mkoa, wakaona ini, akahamishiwa hospitali kubwa, akalazwa Agosti, akatoka Septemba, akalazwa tena mara tatu mwaka uliofuata. Alimwuliza daktari moja kwa moja kama ni yale mafuta, na daktari, namshukuru kwa ukweli wake, akavuta kiti akakaa, akasema, "Mzee, siwezi kukwambia ndiyo, na siwezi kukwambia hapana." Kaka yetu akamwambia basi andika hivyohivyo.

Tarehe 18 Oktoba 2023, siku ya Jumatano, makontena yalifika. Tulimpeleka kwa gari la jirani yetu fundi bomba, akakaa kwenye kile kiti, blanketi mapajani, mtunza stoo akasoma namba, kreni ikanyanyua, na kaka akaitikia kwa kichwa kila pipa, kuanzia asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hakutaka hata kujilaza, na pipa la mia tatu na kumi na mbili lilipofungiwa ndani watu wakapiga makofi, wafanyakazi walewale waliokuwa wakimnunia wakaja kumshika mkono, mmoja wao akalia. Mimi nilidhani atafurahi. Alikuwa anatazama chini ya ukuta, pale penye weusi, pale pasipoota. Kwenye gari nikamwuliza, "Kaka, si yamekwenda?" Akasema, "Mapipa yamekwenda. Udongo je?" Kisha akasinzia kabla hatujafika kwenye kona.

Alizidiwa mwanzoni mwa Februari mwaka huu, akalazwa chumba namba nne, hakuongea sana, alipenda dirisha liwe wazi, na Jumamosi iliyopita, tarehe 17 Februari 2024, saa kumi na dakika ishirini jioni, mkewe akiwa amemshika mkono na mimi nikiwa namkunjia shuka miguuni, alivuta pumzi moja ndefu akaiachia, na hakuvuta nyingine. Ameishi miaka sitini na sita, miezi kumi na moja na siku tatu. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, kaka wawili, dada wawili, na sare moja ya kazi ambayo wifi hajaamua aifanye nini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyekuwa akimnyoa ndevu bila kuombwa, tunamshukuru fundi bomba na gari lake ambalo halikuwahi kukataa safari, majirani mliotupikia, mliotuletea viti, mliochukua wajukuu wakalale kwenu, mhandisi aliyemrudisha kazini, ambaye amestaafu na amekuja kwa fimbo yake, na wafanyakazi wote wa shirika, wa zamani na wa sasa, walioelewana naye na walioshindwa.

Bwana Meneja wa sasa, nimekuona, umekaa safu ya kwanza, na tunashukuru kwa shada la maua. Tarehe 1 Februari kaka yangu aliniita nikae na kalamu, akanitamkia barua fupi nikaiandika, akasema nisiipeleke dirisha la mapokezi, itagongwa mhuri ikalala, nikupe mkononi, siku ambayo hutaweza kusema uko kwenye kikao. Inasema hivi, "Banda liko tupu, udongo ulio chini ya ukuta bado una sumu, mvua zinaanza Machi, na maji ya yadi yanateremkia kwenye kijito ambacho akina mama wanakitumia kumwagilia mboga. Naomba ufunikwe kabla ya mvua, kisha uchimbwe." Nakuja kukukabidhi hapo ulipo, usisimame. Leo ni tarehe 20 Februari, mvua haisubiri kamati, nami nina miaka sitini na sina kazi nyingine, nitakuwa nakuja kila Jumanne kuulizia.

Kaka, umesikia, nimesema yote. Pumzika sasa, pumzika kwa amani ya mtu aliyechoka kwa haki, sisi tuliobaki tutachoka kwa zamu.